Andika Biashara Unayoijua: Somo la Kuandaa Mpango wa Biashara na Ombi la Ufadhili

Mwaka fulani mama mmoja kutoka upande wa Khayega alileta mpango wake wa biashara ofisini. Ulikuwa na kurasa 22, jalada la plastiki na picha ya rangi ya kuku mbele. Aliutengenezewa saiba kwa shilingi 1,500. Tulipofika ukurasa wa tisa tukakuta sentensi inayosema kwamba wateja wake wakuu wangekuwa wakazi wa Githurai. Mama hajawahi kufika Githurai. Aliyemchapia alichukua mpango wa mtu mwingine, akabadilisha jina na kusahau mengine.

Tulifunga ile karatasi, tukamwomba atueleze kwa mdomo. Alizungumza kama dakika kumi bila kusita. Alijua bei ya kifaranga cha siku moja, alijua gunia la chakula lilikuwa limepanda mara ngapi mwaka ule, na alijua hoteli mbili zilizomchukulia kuku na ile moja iliyochelewesha malipo kwa wiki tano. Yote hayo aliyaandika kwenye daftari la watoto la kurasa 48 alilokuwa nalo mkobani. Mpango wa biashara alikuwa nao tayari. Ulikuwa kwenye daftari, na karatasi aliyolipia ilikuwa imeuficha.

Somo la toleo hili limetokana na daftari hilo. Tunawaandikia wakazi wa kaunti ndogo zote kumi na mbili, kuanzia Likuyani hadi Khwisero, wanaotaka mkopo, ufadhili au zabuni, na ambao kila mara huambiwa, "Lete proposal." Maneno hayo huwafanya wengi wakimbilie saiba kabla hawajakaa chini kufikiri.

Kwanza, ujue umeombwa nini

Mpango wa biashara na ombi la ufadhili ni ndugu, lakini kila kimoja hujibu swali lake. Anayekukopesha anataka kujua pesa zake zitarudi vipi na lini. Anayekufadhili bila kudai pesa zirudi anataka kujua ni nini kitabadilika, kitabadilika kwa nani, na kazi itaendeleaje yeye akishaondoka. Ukimpelekea mkopeshaji hadithi ya jinsi jamii inavyoteseka, atakuhurumia na kukunyima. Ukimpelekea mfadhili hesabu ya faida yako binafsi, atakuuliza yeye anahusikaje.

Kuna mtu wa tatu anayesahaulika, naye ni wewe mwenyewe. Mpango mzuri ni ule unaoweza kukuambia, "Usianze biashara hii." Mkopo wa kikundi ukishindikana, wenzako ndio wanaochangishwa. Tunajua nyumba ambazo ng'ombe aliondoka zizini kwa sababu hesabu haikufanywa kwenye karatasi mapema, ikafanywa baadaye mbele ya mzee wa mtaa.

Soko si idadi ya watu

Sentensi tunayokutana nayo kuliko zote ni hii: "Soko langu ni wakazi wote wa Kaunti ya Kakamega." Wengine huongeza takwimu ya sensa ya 2019, watu 1,867,579, ili ombi lipate uzito. Lakini watu hao wote hawatakula kuku wako. Wengi wao wana kuku wao nyumbani.

Linganisha na sentensi hii: "Nimezungumza na hoteli tatu mjini Kakamega. Kwa pamoja zinachukua kuku 35 kwa wiki. Mbili zimekubali kujaribu kuku 10 wangu kila wiki iwapo hawatapungua kilo moja na nusu. Siku za soko la Khayega nimehesabu wauzaji 14 wa kuku, na walio wengi humaliza kabla ya saa nane mchana." Takwimu hizi tumezitunga kwa ajili ya somo, lakini ona zinavyomsaidia msomaji. Anaona miguu yako imetembea. Kuipata taarifa ya aina hiyo kunahitaji nauli ya bodaboda, kalamu na siku tatu za soko. Nenda siku tatu tofauti, kwa maana siku moja hudanganya, hasa ikiangukia mwisho wa mwezi au wiki ya kufungua shule.

Mwandikie pia msomaji ni nani mwingine anauza unachouza, na ni kwa nini mteja atamwacha huyo aje kwako. "Hakuna ushindani" ni jibu baya. Kama kweli hakuna anayeuza, mkopeshaji atajiuliza kama kuna anayenunua.

Na usimtegemee mnunuzi mmoja. Katika kaunti hii hatuhitaji kufundishwa hilo kutoka vitabuni. Familia nyingi za Mumias, Matungu na Butere zilipanga karo, ujenzi na hata harusi kwa kutegemea malipo ya miwa ya kiwanda kimoja. Malipo yalipoanza kuchelewa, maduka, wenye matrekta na wauza vyakula wote walitikisika, na mwaka wa 2019 Kampuni ya Sukari ya Mumias ikawekwa chini ya usimamizi wa mrasimu. Mpango wa biashara uliotaja mnunuzi mmoja tu ulikuwa na tundu, hata kama mnunuzi mwenyewe alikuwa mkubwa kuliko wote. Andika huyo mmoja akikwama utamuuzia nani.

Hesabu: hapa kaa sana

Tufanye hesabu ya kuku 200 wa kienyeji walioboreshwa, wanaofugwa miezi minne kisha wauzwe. Bei hizi ni za mfano. Wewe utaandika zile ulizozikuta dukani wiki hiyo.

Vifaranga 200 kwa shilingi 100 ni 20,000. Chakula magunia 20 kwa shilingi 3,800 ni 76,000. Chanjo na dawa 6,000, makaa na maranda 5,000, usafiri wa kupeleka sokoni 4,000. Jumla ni shilingi 111,000. Wakiuzwa wote 200 kwa 750 kila mmoja, unapata 150,000. Faida ni 39,000. Wengi huishia hapa, hupiga mstari chini ya jumla, kisha hupeleka karatasi.

Sasa turudi kwenye banda. Kuku hufa. Hata ukichanja vizuri dhidi ya kideri na gumboro, wachache wataondoka kwa baridi, kwa mwewe, au kwa sababu usizozijua. Tukitoa 20 tu, unauza 180 na kupata 135,000. Faida imeshuka hadi 24,000. Tuseme pia umeuza mwezi ambao kila mtu anauza, na bei imekuwa 650. Unapata 117,000, na faida ni 6,000 kwa miezi minne. Bado hatujalihesabu banda lenyewe, wala riba, wala kazi yako ya kuamka alfajiri kila siku. Na kama kuku sita watachinjiwa wageni, maana katika boma la Kiluhya mgeni haondoki bila kuku, hao nao waandike. Kuku aliyechinjiwa mjomba ni kuku aliyeuzwa kwa bei ya sifuri. Kumchinja si kosa hata kidogo, lakini kutomwandika ni kosa.

Hesabu hizi tatu, ile ya mambo yakienda vizuri, ile ya kawaida na ile ya mambo yakiharibika, ziweke zote kwenye mpango. Waombaji huogopa kwamba wakionyesha faida ya shilingi 6,000 watanyimwa. Kwa uzoefu wetu, afisa wa mikopo anajua kuku hufa. Ombi linalodai hakuna atakayekufa ndilo linalomfanya aweke kalamu chini.

Jambo la pili katika hesabu ndilo lililowaangusha wengi waliokuwa na biashara nzuri kabisa. Faida ni jambo moja, na pesa kuwepo mkononi siku inayohitajika ni jambo jingine. Chukua yale magunia 20. Hayaliwi kwa usawa. Mwezi wa kwanza kuku wanakula magunia 3, wa pili 4, wa tatu 6, wa nne 7. Yaani chakula kinagharimu 11,400, kisha 15,200, kisha 22,800, kisha 26,600. Gharama inapanda kila mwezi, na katika miezi yote hiyo hujauza hata kuku mmoja. Ikiwa ulikopa 120,000 za kulipwa kwa miezi 12 kuanzia mwezi wa kwanza, basi hata kabla ya riba utadaiwa 10,000 kila mwezi. Kufikia mwezi wa nne umetakiwa kurudisha 40,000 kutoka kwa kuku ambao bado wanakula. Watu wengi hufika hapo wakauza kuku wachanga kwa bei ya kutupa, au wakapunguza chakula, na kuku wakadumaa.

Mpango ulioandikwa mwezi kwa mwezi hulionyesha jambo hili mapema, nawe unaweza kufanya moja kati ya mambo mawili. Unaweza kuomba muda wa kungoja kabla ya kuanza kulipa. Hazina ya Uwezo, kwa mfano, iliyozinduliwa mwaka wa 2013 kwa ajili ya vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, iliwekewa utaratibu wa miezi sita ya kungoja. Ukimwonyesha mkopeshaji kwamba kuku wanauzwa mwezi wa nne na wa tano, ombi la kungoja linakuwa na sababu. Au unaweza kugawa kazi, ukaingiza vifaranga 50 kila mwezi badala ya 200 kwa mpigo. Kwa mfano wetu, pesa unazohitaji kabla ya mauzo ya kwanza hushuka kutoka 111,000 hadi kama 70,000, na baada ya hapo una kuku wa kuuza kila mwezi. Hoteli pia hupenda hivyo. Hoteli haihitaji kuku 180 siku moja.

Chora jedwali. Miezi iende juu, pesa zinazoingia na zinazotoka zishuke chini, na mstari wa mwisho uonyeshe kilichobaki mkononi. Mwezi ambao mstari huo umekuwa chini ya sifuri ndio mwezi utakaokuliza. Ukiuona kwenye karatasi, una nafasi ya kuurekebisha.

Ombi la ufadhili: taja tatizo linaloweza kupimwa

Kikundi huandika, "Jamii yetu inakumbwa na umaskini, ukosefu wa ajira na mabadiliko ya tabianchi." Yote ni kweli, na hakuna hata moja ambalo shilingi 300,000 zitalimaliza. Mfadhili husoma sentensi hiyo mara arobaini kwa siku.

Kikundi kingine kingeandika hivi: "Wanachama wetu 22 wanakama jumla ya lita 60 za maziwa jioni. Gari la kukusanya maziwa huja asubuhi tu. Kwa kukosa mahali pa kuyapoza, maziwa ya jioni huuzwa jirani kwa bei ya chini au huganda. Tunaomba jokofu la maziwa na vifaa vya kupima ubora. Baada ya miezi sita tutaonyesha, kwa daftari la mizani, ni lita ngapi za jioni zimefika sokoni." Tatizo lina ukubwa, lina sababu, na dawa inayoombwa inaigusa sababu hiyo. Ahadi iliyotolewa inaweza kukaguliwa na mtu yeyote atakayefungua daftari.

Mfano wa kweli uko nyumbani kwetu. Kikundi cha wakulima wahifadhi cha Muliru, kando ya Msitu wa Kakamega, kilijengwa juu ya tatizo lililoelezeka vizuri: watu wanaoishi karibu na msitu huutegemea kwa kuni, dawa na mapato, na msitu unapungua. Jibu lao halikuwa kuwaambia watu wakae mbali na msitu tu. Walichukua mmea wa jamii ya mrihani wenye harufu ya kafuri, wakaulima mashambani mwao, wakakamua mafuta yake na kutengeneza dawa ya kupaka iitwayo Naturub. Walishirikiana na watafiti, wakiwemo wa kituo cha ICIPE, ili ubora wa dawa usiwe wa kukisia. Mwaka wa 2010 walishinda Tuzo ya Ikweta inayotolewa chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa. Tukiutazama mradi huo kwa jicho la somo hili, swali gumu kuliko yote, yaani kazi itaendeleaje mfadhili akiondoka, lilikuwa na jibu ndani yake: kuna bidhaa inayouzwa, na mwenye kulima ana sababu ya kuendelea kulima.

Usiombe kila kitu. Kikundi kinachoomba jokofu, pikipiki, kompyuta, ofisi na semina ya siku tano mjini Kisumu kinaonyesha kwamba hakijachagua.

Lugha

Andika kwanza kwa lugha unayofikiria, iwe Kiswahili au Kiluhya chako cha Kiisukha, Kiwanga au Kimarama. Fomu nyingi bado huja kwa Kiingereza, na hilo lisikutishe. Ukishakuwa na maneno yako, mwalimu wa karibu au mtoto aliyemaliza kidato cha nne anaweza kukusaidia kuyahamisha. Baada ya hapo mwambie akusomee kwa sauti na kukutafsiria tena. Ukisikia kitu ambacho hukusema, kifute. Wengine hudhani Kiingereza kigumu huongeza nafasi. Anayesoma maombi mengi huchoka, na aliyechoka humshukuru aliyeandika "nitanunua cherehani mbili".

Muhtasari huwekwa ukurasa wa kwanza lakini huandikwa mwisho. Mistari mitano inatosha: wewe ni nani, unauza nini na kwa nani, umeshafanya nini kufikia sasa, unaomba kiasi gani na cha nini hasa, na utarudisha au utaonyesha matokeo lini. Kiasi kilichoandikwa hapo lazima kilingane na kilicho kwenye jedwali. Tumeona ombi lenye 250,000 mbele na 310,000 nyuma, na hakuna aliyekuwa na muda wa kumpigia mwombaji kumuuliza ni ipi.

Kwa mpango wa biashara ndogo, kurasa nne hadi sita zinatosha.

Karatasi zinazoandamana

Kikundi kiwe kimesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka wa 2022, inayotaka wanachama wasiopungua kumi. Ambatisha cheti, orodha ya wanachama na nakala ya kikao kilichokubali ombi, pamoja na sahihi zao. Kikao hicho si urembo. Kesi nyingi tunazosuluhisha kwenye wadi zinatokana na viongozi watatu waliokopa kwa jina la kikundi. Mfanyabiashara binafsi awe na PIN ya KRA, kibali cha biashara cha kaunti na taarifa ya benki au ya M-Pesa ya miezi sita. Anayeuza chakula aongeze vyeti vya afya. Anayefungasha bidhaa aulize mapema kuhusu alama ya ubora ya KEBS, kwa sababu gharama yake inaingia kwenye hesabu.

Wale wanaolenga zabuni za serikali wakumbuke kwamba asilimia 30 ya zabuni za umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu chini ya mpango wa AGPO, na usajili wake haulipiwi. Zabuni nayo ina jedwali lake la mwezi kwa mwezi: unapeleka bidhaa leo, malipo huja baadaye. Andika utaishi na nini katikati.

Ukiambiwa na mtu yeyote utoe "kitu kidogo" ili karatasi zako zipite, mwombe risiti. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Ukikataliwa, rudi uulize sababu na uiandike. Mama wa Khayega alirudi baada ya wiki tatu na kurasa tano za mwandiko wake mwenyewe, zilizochapwa na binti yake. Alikuwa ameacha wazo la kuku 300 alilopewa na ule mpango wa saiba, akaomba pesa za kuku 60 kwa mwezi na ukarabati wa banda. Kwenye ukurasa wa tatu aliitaja ile hoteli iliyochelewesha malipo, akaandika kwamba kuanzia sasa ingelipa kabla kuku hawajateremshwa kwenye pikipiki. Afisa wa mikopo aliyesoma ukurasa huo alicheka, akapigia mstari sentensi hiyo, kisha akamuuliza hilo banda lina upana gani.